Friji la Wageni

Habari zilitoka redioni asubuhi, wakati Miwani, msichana aliyeitwa hivyo kwa vioo vyake vya macho, akimfunga shangazi yake bandeji. Mtangazaji alisoma kwa sauti ya kutangaza harusi: chuo kikuu cha serikali kimepata ufadhili mnono wa utafiti wa tiba, na safari hii neema itawashukia wanafunzi wa shahada ya kwanza, wale ambao miaka yote wamekuwa wakifundishwa darubini kwa kuchorewa ubaoni.

"Ndio nyinyi hao?" shangazi akauliza.

"Ndio sisi, Shangazi. Wafadhili wanakuja maabara Ijumaa kuzindua."

"Basi wajukuu zangu watatoka gazetini. Uwaogeshe."

Wajukuu aliowasema walikuwa bakteria. Shangazi alikuwa fundi cherehani, tena ile ya kukanyaga, na ndiye aliyemlea Miwani tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Bati lililochomoza lilimkata kwenye muundi, akalazwa hospitali kubwa, akashonwa vizuri kabisa. Kidonda kikaharibikia wodini. Dawa ya kwanza haikufanya kitu, ya pili nayo ikapita kama maji, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa na hadithi hiyo hiyo.

Hapo ndipo Miwani alipopata utafiti wake. Kwa ruhusa ya daktari wa wodi, na ya wagonjwa wenyewe, alipitisha kijiti cha pamba kwenye kila kidonda akaenda kuotesha alichokipata. Wote walikuwa na kidudu cha aina moja, na kidudu chenyewe kilikuwa kinaidharau dawa ile ile ambayo hospitali ilikuwa inampa kila mtu. Kwenye sahani ya kuoteshea aliweka vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Kwenye dawa ya hospitali bakteria walijaa mpaka ukingoni mwa karatasi, kama watu waliokaa kwao. Kwenye dawa moja tu, ya kawaida, ambayo hakuna aliyekuwa anaifikiria, palitokea duara tupu. Hapo walikuwa wamekufa.

Alipompelekea mhadhiri wake, mama mmoja mkali asiyesifu mtu bure, alitazama sahani kwa muda mrefu kisha akasema, "Jibu la mara moja ni tetesi. Rudia. Likirudi hivi hivi, nitaweka sahihi yangu." Daktari wa wodi naye alikuwa tayari kubadilisha dawa siku atakayoiona sahihi hiyo. Ila alimvuta Miwani pembeni akamwambia wasichelewe, kwa sababu uchafu ukiingia kwenye mfupa watakuwa hawazungumzii dawa tena, watakuwa wanazungumzia kukata.

Kuchelewa, sasa, ndiko ambako chuo hicho kilikuwa na shahada ya uzamivu. Kabati la joto la kuoteshea bakteria lilikuwa moja kwa idara nzima, na foleni yake ilikuwa kama ya kisima wakati wa kiangazi. Zamu ya Miwani ilikuwa Ijumaa mchana. Mpaka hapo wajukuu walilala kwenye vichupa vyao katika friji la maabara, rafu ya pili, kila kichupa na namba yake, maana kanuni haziruhusu kuandika jina la mgonjwa. Kila jioni shangazi, aliyekuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani na kidonda chake, aliuliza, "Wajukuu hawajambo?" na Miwani alijibu, "Hawajambo, wamelala." Wakacheka. Mguu ulikuwa unauma, lakini walicheka.

Ijumaa ilipofika, Miwani alitoka na koti jeupe ambalo shangazi alilipiga pasi akiwa ameketi, mguu juu ya kigoda. Alipofungua mlango wa maabara alidhani amekosea chumba. Palinukia dawa ya sakafu na manukato. Bango lilifunika ukuta mzima: WANAFUNZI WETU NDIO MOYO WA UTAFITI. Juu ya meza, katikati ya maua, ilikaa darubini mpya ambayo ilikuwa bado ndani ya plastiki yake. Mkuu wa Idara, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Itifaki kwa jinsi alivyoabudu ratiba, alikuwa akipanga viti na kuvipangua.

Miwani alikwenda moja kwa moja kwenye friji. Akafungua. Rafu ya kwanza soda. Rafu ya pili soda. Rafu ya tatu maji ya chupa, yamepangwa vizuri, lebo zote zinatazama mbele.

Alisimama akiwa ameshika mlango, baridi inampiga usoni, akajiambia kwamba wamevihamishia mahali. Lazima wamevihamishia mahali. Fundi wa maabara alikuwa nyuma yake, anafuta sinki ambalo lilikuwa limeshatakata.

"Kaka, vichupa vyangu viko wapi?"

Fundi hakugeuka. "Mkuu alisema friji linanuka. Akasema wageni hawawezi kunywa kitu kilicholala na vidonda vya watu."

"Ukaviweka wapi?"

"Sikuvitupa ovyo, dada. Nilivipitisha kwanza kwenye jungu la mvuke, kwa muda unaotakiwa. Nilifuata kanuni."

Alifuata kanuni. Jungu la mvuke ndilo linaloua kila kilicho hai kabla ya kutupwa, na lilikuwa limefanya kazi yake barabara. Pengine ndicho chombo pekee katika jengo lile ambacho hakijawahi kuharibika.  Miwani akaegemea meza, vioo vya miwani yake vikajaa ukungu, akashindwa hata kulia. Hebu fikiria: watu wanakuja kuzindua utafiti wa wanafunzi, na ili chumba kipendeze, utafiti wa wanafunzi unachemshwa. Hakuna adui ambaye angeweza kupanga jambo zuri kuliko hilo. Lilihitaji watu wa nyumbani.

Alimpigia simu mhadhiri wake. Simu haikupatikana. Wiki hiyo alikuwa ametumwa tawi la mbali kusimamia mitihani, kwa hiyo aliyeweza kusimama mbele ya friji na kusema "hapana" hakuwepo. Akamfuata Bwana Itifaki.

"Mkuu, shikamoo. Sampuli zangu zimechemshwa."

"Marahaba. Nimesikia." Alikuwa anahesabu vitambaa vya mezani. "Binti, vidudu vipo kila mahali. Utaotesha vingine."

"Vile vilitoka kwa wagonjwa. Kuna mgonjwa dawa yake inasubiri majibu."

"Na kuna wageni ambao gari lao limeshaingia getini." Akachukua sahani mbili za kuoteshea, mpya, rangi nyekundu iliyokoza, ndani hamna kitu, akampa. "Shika hizi. Zinapendeza kwenye picha. Jina lako limo katika wale wa mwanzo watakaochukuliwa kwenye mpango huu. Ukitaka libaki, tabasamu."

Miwani alizishika. Tusimhukumu haraka, maana nafasi ile aliililia tangu mwaka wa kwanza, na hasira ya mwanafunzi mbele ya mkuu ni hasira ya kuku mbele ya kisu. Akafyata ulimi, akasimama mstarini na wenzake.

Hotuba zilikuwa ndefu. Wanafunzi waliitwa johari, wakaitwa nguzo, wakaitwa taa ya taifa. Walivikwa vilemba vya ukoka mpaka shingo zikauma. Mtu wa gazeti aliwapanga nyuma ya darubini akawaambia wainame kama wanaangalia, na walipoinama wakakutana na plastiki. Kijana mmoja alinyoosha mkono kuivua. Bwana Itifaki akamwahi, akasema kwa upole wa kamera kwamba hiyo itavuliwa wakati wake ukifika.

Mkuu wa msafara wa wafadhili alikuwa mama mtu mzima, amevaa viatu vya chini, na hakuonekana kufurahia hotuba. Alipita mstarini akisalimia, akafika kwa Miwani, akasimama.

"Na wewe mwanangu, unatafiti nini?"

"Vidonda vinavyokataa dawa, Mama. Vya wagonjwa wa wodi moja."

"Umewaotesha hao bakteria mwenyewe? Naweza kuwaona?"

Kabla Miwani hajafungua kinywa, Bwana Itifaki alishaingia katikati. "Wapo kwenye friji, Mheshimiwa, wanatunzwa kwa uangalizi wa hali ya juu. Ila ratiba yetu..."

Uongo ule ulisemwa kwa wepesi, kama mtu anayetaja saa. Damu ikamchemka Miwani. Aliweka zile sahani tupu mezani, akavuka chumba, akafungua mlango wa friji mpaka mwisho, akasogea pembeni ili kila mtu aone.

"Walikuwa hapa," akasema.

Vichwa vyote viligeukia friji. Chupa zilimeta kwa jasho. Kwa muda mfupi Miwani aliamini kwamba ukweli umeonekana, na ukweli ukishaonekana mtu hawezi kujifanya hajauona. Alikuwa bado mdogo.

"Naam, na sasa kuna viburudisho," Bwana Itifaki akadakia, akapiga makofi. "Binti yetu amewahi ratiba kwa ukarimu wake. Karibuni sana." Mtu akacheka, wa pili akacheka, chumba kizima kikacheka kwa nafuu. Chupa zikaanza kupita mikononi. Yule mama alichukua ya kwake bila kuitazama. Alikuwa anamtazama Miwani, midomo imefunguka kidogo kama mwenye swali, lakini alishashikwa kiwiko, anageuzwa kuelekea kwenye darubini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu alikuja, na mwenyeji akachemshwa.

Aliporudi nyumbani redio ilikuwa imeshatangaza. Shangazi alikuwa amekaa kando ya cherehani iliyofunikwa shuka, mguu kwenye kigoda.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimewasikia. Wajukuu hawajambo?"

Miwani alikaa chini sakafuni, akamweleza yote, hata zile sahani nyekundu, hata kicheko. Shangazi alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo mimi mguu wangu umepisha soda," akasema mwishowe.

"Nisamehe, Shangazi. Ningewahi asubuhi mapema..."

"Wewe nyamaza. Usichukue kosa lisilo lako, wenyewe wapo." Aliinamia bandeji akaigusa kwa kidole. "Na wale wenzangu wa wodini?"

"Mmoja amerudi kwao, mbali. Yule bibi wa dirishani walimzika juzi. Waliobaki sijui walipo."

 Shangazi akaanza kufungua pini ya bandeji, taratibu, kama anavyofumua mshono uliokosewa.

"Basi nimebaki shahidi peke yangu. Hao wakubwa walichemsha vichupa, mimi hawajanichemsha. Wajukuu wapo hapa, wamejaa tele, hawajapungua hata mmoja. Chukua wengine. Ila safari hii usiwapeleke kulala kwenye nyumba ya watu wenye kiu."

Alitaka wacheke, kama kila jioni. Miwani akajaribu, kikashindikana kicheko, akalia kilio ambacho alikuwa amekibana tangu asubuhi.

Jumatatu, kwenye chumba cha kufunga vidonda, muuguzi alipitisha kijiti cha pamba kwenye muundi wa shangazi. Daktari wa wodi alikibonyeza kidonda pembeni, akabonyeza tena, safari hii karibu na mfupa, jambo lililomtisha Miwani kuliko maneno. Miwani alibeba kichupa chenye kijiti hicho mpaka chuoni akiwa amekishika kwa mikono miwili.

Mhadhiri wake alikuwa amerudi. Alimsikiliza akiwa bado na begi la safari begani, uso umemkunjamana.

"Anza upya leo hii," akasema. "Zamu ya kabati la joto nitaichukua mimi kwa nguvu, mchana litakuwa lako. Mpaka hapo kitunze kwenye baridi. Wewe otesha, kugombana niachie mimi."

Ilikuwa ahadi nzuri. Lakini Miwani alipofungua friji alikuta soda zilizobaki bado zimejaa rafu zote, zinasubiri wageni wengine, siku nyingine. Hapo akaona kuna ugomvi usioweza kuachiwa mtu. Akazipanga soda kwenye kreti, akalibeba mpaka ofisi ya Bwana Itifaki, akasukuma mlango kwa bega. Darubini ilikuwa humo, juu ya kabati, ndani ya plastiki yake. Bwana Itifaki alikuwa anasoma gazeti lenye picha yao. Miwani alitua kreti juu ya picha.

"Nini hizi?"

"Soda za wageni, Mkuu."

"Nani amekuruhusu kuzitoa?"

"Mwenye mguu."

Alikunja uso. "Mguu gani?"

"Ule mliouchemsha Ijumaa."

Bwana Itifaki alilisukuma kreti pembeni ya picha. Kilichomtoka kinywani ni kile kile alichokizoea. "Jina lako, binti, bado liko mikononi mwangu."

"Lifute basi," Miwani akasema. "Rafu ya pili usiiguse tena."

Akarudi maabara. Fundi alimwona, akaacha anachokifanya, akatoa chupa zilizobaki bila kuombwa, macho chini. Miwani alisimamisha kichupa katikati ya rafu tupu. Namba alikipa, kama kanuni zinavyotaka. Kisha akachukua kalamu nene na karatasi nyeupe, akaandika kwa herufi kubwa ambazo hata mwenye haraka ya kuwahi ratiba angezisoma, akaibandika kwenye mlango wa friji, nje, pale ambapo mkono wa kila mwenye kiu utafika kwanza:

HUMU MNA MGUU WA MTU.