Ukuta Urudishwe Krimu

...na nyumba yenyewe inabomolewa, hilo ndilo linalonichekesha hata leo, inabomolewa, tingatinga limeshaegeshwa kule karibu na Jogoo Road limefunikwa turubai kama mgonjwa, lakini kabla ya kubomolewa ni lazima irudishwe katika hali niliyoipokea, yaani kuta krimu, kwa hiyo tunaipaka rangi ili ipendeze wakati wa kuangushwa, na Issack, kijana wa ofisi ya nyumba, amesimama mlangoni na simu mkononi akingoja kupiga picha ya kuta safi, mtoto wa watu, shati limepigwa pasi, sheria hakuitunga yeye, nilimuuliza asubuhi ni nani aliyeitunga akanijibu, "Mama, hiyo tumeikuta," nikamwonea huruma, maana mimi pia nilikula mshahara wa serikali, miaka yangu yote ya maktaba, na mengi niliyoyasimamia kwa ukali nilikuwa nimeyakuta... "Shosh," anasema Phares, fundi wa rangi, "umebaki huu ukuta mmoja tu. Tunasema aje? Rangi inakauka kwa rola," na rola lake linadondosha krimu sakafuni, tone, tone jingine, nami nimekalia ndoo tupu kwa sababu viti vimeshapanda lori, nimekaa natazamana na mama yangu. Mama Mutheu, ukutani, mkubwa kuliko alivyokuwa akiwa hai, marehemu mume wangu Mativo alimchora moja kwa moja juu ya plasta, hang'oki, habebeki, wajukuu wamempiga picha kwa simu wakaniambia, "Susu, sasa utakuwa naye mfukoni," asanteni wajukuu wangu, lakini aliye mfukoni hanitazami nikikoroga uji, aliye mfukoni huzimika chaji ikiisha... na bila picha ya kuta krimu hakuna ufunguo wa nyumba mpya, lori litageuka lirudishe viti, na neno la kumfuta mama yangu linatakiwa litoke mdomoni mwangu mwenyewe, Issack ameng'ang'ania hapo, mpangaji aseme, asije akasikia kesho kwamba ofisi ilimfuta mama wa mtu, hapana, nitasema hapana, nimeamua tangu jana, tingatinga lije limkute macho wazi, tuone nani anamwogopa nani... "Mama, hatukuharakishi," anasema Issack, naye anatazama saa. Mativo angemcheka huyu, angemchora akitazama saa. Mativo wangu, mchoraji wa kuta za mabucha, hakuna ng'ombe wa bucha kutoka hapa Mbotela mpaka Pumwani ambaye hakupita mkononi mwake, na vichwa vya vinyozi, na chapati za mahoteli zinazofuka mvuke, na kule Majengo ngamia mmoja mwenye kope kama za bibi harusi, alikuja maktaba siku ya kwanza kukwepa mvua, nywele zina rangi ya samawati, akavuta kwenye rafu kitabu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiuliza, kitabu cha msaada kutoka Uingereza, maisha na kazi za mchoraji mmoja wa mji mdogo huko, enzi za Malkia Viktoria, mtu ambaye London aliisikia tu, alichora ng'ombe wa wakulima na mabango ya vilabu vya pombe, na kitabu hakikuruhusiwa kutoka, kilikuwa na kibandiko chekundu, hakisomwi na hakiazimwi, kwa hiyo Mativo akawa anakuja kila Jumamosi nami namfasiria pale kaunta kwa sauti ya chini, huku msimamizi akinitazama juu ya miwani, na tulipofika kwenye ng'ombe wale, wamenona mpaka ni kama masanduku yenye miguu ya kuku, nikamsomea kwamba wakulima ndio waliomwagiza yule bwana awanenepeshe, Mativo akapiga meza, "Huyu ni wa kwetu kabisa! Hata mimi wananiambia hivyo hivyo, Mativo, ongeza nyama kwa paja!" tukafukuzwa wote wawili, mimi nikafukuzwa kazini kwangu mwenyewe mpaka saa ya chai, na asante kwa mvua ile, asante kwa kibandiko kile, kitabu kingeazimwa angekichukua akaenda zake na leo nisingekuwa nimekalia ndoo hii... "Kwani shosh anaongea na nani?" Phares anamnong'oneza Issack, na Issack anamnong'oneza, "Wacha, bana, heshimu," basi midomo yangu inacheza, na icheze. Mama alikuwa amekufa tulipohamia hapa, Mativo hakumwona hata siku moja, na picha ilikuwa moja tu, pasipoti ndogo iliyobandukwa kwenye barua ya utambulisho ya chifu, na chifu alikuwa amepata mhuri mpya, aliugonga kwa raha zote juu ya shavu la mama ili asije mwingine akapachika uso wake hapo, kana kwamba watu walikuwa foleni wakiutaka, basi jioni baada ya jioni Mativo alisimama juu ya meza akichora na kuniuliza, akikasirika ni nyusi gani inayotangulia, akisema uongo anatazama wapi, akiimba kanisani shingo inakaaje, nami namjibu huku nakatakata sukuma wiki, nilimzungumzia mama yangu mpaka nikaweza kumlilia, na siku alipomaliza akaniambia nigeuke, nikageuka, nikaona mama, nikaona macho ya mtu aliyeshtuliwa na serikali, nikaona, kwenye shavu, duara la zambarau na herufi tatu, OFI, na nusu ya tarehe, Mativo alikuwa amechora mhuri. "Sasa huu?" nikamuuliza. "Si uko kwa picha?" akasema, "mimi nilidhani ni... mimi sikutaka kuongeza wala kupunguza," huyo ndiye mtu aliyeishi kwa kunenepesha ng'ombe wa watu, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta, ndicho kicheko cha kwanza tangu tumzike, akataka kuufuta nikamshika mkono. Lakini Mativo kwa kazi zake mwenyewe hakuwa hivi nilivyo mimi, kila Desemba wenye mabucha walitaka ng'ombe mpya kwa ajili ya Krismasi, na ni yeye aliyemfunika yule wa zamani, kwa rola, bila kupepesa, huku anapiga mluzi, nikimwambia, baba, huoni uchungu, anasema, "Uchungu wa nini? Huyu ameuza nyama mwaka mzima, acha apumzike," na mimi niliona ni ugumu wa moyo, sasa sijui, sasa naona alimaliza kuchora pale alipomaliza, yaliyobaki yalikuwa ya bucha... na mimi je, kazi ya ukuta huu ilikuwa nini, si ilikuwa zile jioni, sukuma na maswali, zile hakuna rola linalozifikia... harufu ya rangi imenijaa, nafumba macho, najaribu kumwona mama bila ukuta, aibu gani hii, haji, anakuja yule yule wa mhuri, macho yale yale, miaka yote hii nikiwaza mama nimewaza pasipoti, nifumbe zaidi, tuanze na mikono, mikono ilikuwa na ungo, anapepeta mahindi uani kijijini kwetu Mwala, makapi yamemkaa kwenye nyusi, na siku ile ametoka kwa chifu, ndiyo, ni siku ile, ile barua imetoka mfukoni mwake, anaikunjua, anaitazama picha, anaisogeza mbali, anaileta karibu, "Kavinya! Njoo umwone huyu mwanamke! Ni nani huyu? Amefukuzwa na nyuki?" na ananiapisha nisimwonyeshe mtu yeyote, anaificha chini ya godoro kwa aibu, mama yangu, alitaka ile picha isionekane na mtu, nasi tukaikuza ikajaa ukuta mzima, wageni wakaonyeshwa, mchungaji akaiombea, Mativo, unasikia, asante, uliniwekea mama hapa nilipokuwa sina mama, asante, na kumbe tumemwaibisha miaka yote hii... "Mama?" anasema Issack, "uko sawa? Unacheka?" na Phares ameinua rola tena, linadondosha, wote wawili wananitazama, na neno wanalolingoja liko hapa kwenye ncha ya ulimi, jepesi, sikujua lingekuwa jepesi hivi, wasubiri kidogo tu, mama amekalia ungo sasa, mahindi yamemwagika yote, anajipiga mapaja kwa mikono miwili, ana pengo pale mbele ambalo pasipoti haikulionyesha, acha kwanza amalize kucheka...