Firigisi ya Mwenye Nyumba

Jogoo alichinjwa Ijumaa mchana, kwa maana katika boma la Waadventista pale Sironga, jua la Ijumaa likizama na sufuria zinapumzika. Cha kuliwa Sabato sharti kiwe kimeshaiva. Lakini boma hilo lilikuwa na sheria nyingine, ambayo haimo katika Biblia yoyote, na Mzee Ongeri aliishika kuliko zote: firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Tangu aolewe, mkewe Nyakerario alikuwa amezionja firigisi kwa pua tu.

Siku hiyo moyo wake haukuwa kwa jogoo. Mjukuu wake Nyanchama, anayesomea uuguzi Kisii mjini, alikuwa na mtihani wa mdomo Jumatatu. Mara ya kwanza alianguka. Akianguka tena, chuo kinamrudisha nyumbani kuchuma chai. Si kwamba hakusoma. Alisoma mpaka kuku wakamzoea. Shida ni kwamba mwalimu akimkazia macho juu ya miwani, ulimi wa msichana hulala fofofo.

"Haya, mke mwenzangu," Nyakerario akamtania, kama bibi anavyomtania mjukuu wake wa kike. "Hizo tishu zinazokunyima usingizi, huyu jogoo anazo?"

"Anazo zote, Magokoro," Nyanchama akamjibu bibi yake. "Tishu ni kundi la seli za namna moja zinazosaidiana kazi." Nyanchama akaichukua firigisi, akaipasua, akabandua ganda lake la njano. "Ganda hili limetengenezwa na tishu ya kufunika iliyo chini yake. Hata wewe unayo: ngozi ya juu, ndani ya mdomo, ndani ya tumbo. Inakinga, na kwenye utumbo inafyonza chakula."

"Kama bati la nyumba."

"Bati halifyonzi, Magokoro."

"La kwenu. Langu njoo ulione mvua ikinyesha."

Nyanchama akacheka, na ulimi ukafunguka. "Hii nyekundu ni misuli. Inajikaza na kulegea, chakula kinasagika. Hii haingoji amri. Ile ya mkono ndiyo inayokutii. Hii nyeupe inayong'aa ni tishu ya kuunganisha. Inashikilia viungo visiachane. Mifupa imo katika ukoo huo, mafuta pia, hata damu."

"Damu? Majimaji yale yanashikilia nini?"

"Yanapita kila mahali yakigawa chakula na hewa. Hayafanani na mfupa, lakini ni ukoo mmoja."

"Kama shemeji yangu wa Keumbu. Hafanani na mtu, ila penye mgao wa nyama hakosi. Na ya nne?"

"Ya neva. Kwa macho huwezi kuiona. Inapeleka habari. Ukigusa sufuria ya moto, mkono unatoka kabla hujapiga yowe."

"Basi hiyo ndiyo inayokufa ukimwona mwalimu."

"Haifi, Magokoro. Inapiga kelele kupita kiasi."

Nyakerario akachochea moto. Mtoto anajua kila kitu. Anachokosa ni mwanamume mkali wa kumzoeza. Na mkali wa kuazima alikuwapo, tena wa bure.

Kuku alipoiva, jua likiwa linagusa vilele vya mikaratusi, Nyakerario akaitoa firigisi kwa kijiko, akainyunyizia chumvi, akaitia mdomoni.

Nyanchama akashika kichwa. "Magokoro! Ya Babu hiyo!"

"Ilikuwa." Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akionea wivu kandambili! Alipoweza kumeza, akasema, "Kesho akiuliza, wewe ndiye wa kumjibu. Umweleze ilikuwa nini, ilifanya kazi gani na imekwenda wapi. Ukinyamaza, nasema ni wewe uliyekula."

Kesho yake walipotoka kanisani, Mzee Ongeri alinawa, akavaa miwani, akapekua bakuli. Akapekua tena.

"Firigisi iko wapi?"

Nyakerario akajaza mdomo ugali. Nyanchama akasimama. Bibi akaacha kutafuna.

"Babu," msichana akaanza, sauti nyembamba kama uzi, "firigisi ina tishu za aina nne."

"Nimeuliza iko wapi!"

"Nafika huko, Babu." Akaanza na kufunika, akaja kwenye misuli. Alipotaja damu, mzee akagonga meza.

"Damu haishikiki! Itakuwaje tishu?"

"Ina seli zake, Babu, ila zinaelea kwenye maji. Inaunganisha mwili wote." Sasa sauti ilikuwa imenenepa. Akamalizia na neva bila kujikwaa.

"Sawa. Na iko wapi?"

"Tangu jana inafyonzwa, Babu. Saa hii inazunguka katika damu ya Magokoro."

Mzee akageuka polepole. "Nyakerario!"

"Baba Omosa, si ulisema ni ya mwenye nyumba? Nikaona nijaribu kuwa mwenye nyumba, nione kunakaaje."

Mzee alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Akavua miwani kufuta machozi, akamwekea Nyanchama paja zima.

Jumatatu jioni simu ikalia. "Nimepita, Magokoro! Mwalimu alipokodoa macho nikamwona Babu anatafuta firigisi. Nikasema mpaka akaniambia inatosha!"

"Mjukuu akija tutamchinjia jogoo mwingine," Mzee Ongeri akasema kwa furaha, kisha akakohoa. "Na firigisi... labda tuigawane."

"Hapana, baba. Sheria ni sheria, kula yote," Nyakerario akajibu kwa upole. "Mimi nilitaka tuzungumzie paja."