Mgombea Aliyekimbia na Mlolongo Wake

Wiki sita kabla ya uchaguzi wa kituo chetu cha majani chai, daktari aliurudisha utumbo wangu ndani. Miezi mitano ulikuwa umechungulia nje, ukimwaga kwenye mfuko uliobandikwa tumboni, nami nikiwaambia watu niko Nairobi nikiandika mashairi. Aliyejua ukweli ni jirani yangu Jairus peke yake, kwa sababu ndiye aliyenichumia majani.

Nesi alinionya: "Huo utumbo umesahau kazi. Utaenda choo mara nane, mara kumi kwa siku, na ukiitwa, itika. Kula kidogo kidogo. Maharagwe na maziwa, ngoja kwanza."

Lakini mimi nilikuwa nagombea uenyekiti dhidi ya Mzee Kiptum, aliyekikalia kiti miaka kumi na miwili huku lori la kiwanda likija saa mbili usiku na majani yetu yakiungua kwa joto kwenye magunia. Asubuhi ya kura akanipitishia kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yenye masizi, mbele ya wakulima wote.

"Kunywa, kijana. Ama Nairobi imekuzoesha soda?"

Mtu mwenye akili angesema tumbo lake bado. Mimi nilikigugumia kibuyu hadi masizi ya chini, nikapangusa mdomo, nikatoa ubeti nilioutunga mwenyewe:

*Mimi simba sikimbii, hata mvua ikinyesha,*
*Hapa ndipo sisogei, haki nitairejesha.*

Wakapiga makofi. Kura yetu ni ya mlolongo: mgombea anasimama, watu wake wanapanga foleni nyuma yake, karani anahesabu. Chepyegon, karani wa kituo, akaanza na upande wa Kiptum. Alipofika thelathini, tumbo langu likanguruma kama trekta inayokataa kuwaka. Nikakaza. Nikafikiria vina. Hakuna kina kinachozuia mursik.

"Arobaini na moja," Chepyegon akatangaza, akageukia upande wangu.

Simba akakimbia.

Nilikata kona ya banda la kupimia majani kuelekea choo cha mabati, mikono kwenye mkanda. Nyuma nikasikia kishindo. Watu wangu walidhani ni mbinu ya siasa; mlolongo mzima ulinifuata bila kuvunjika, akina mama na vikapu vyao mgongoni, hadi mlangoni. Nilifunga komeo sekunde moja kabla ya aibu. Labda nusu sekunde baada yake.

"Ametoroka!" Kiptum akapiga kelele. "Mwandike amejitoa!"

Chepyegon akagonga bati. "Mgombea, umejitoa ama bado uko?"

"Niko!"

"Basi sema kwa nini umetoka uwanjani. La sivyo nafunga kitabu."

Nilijaribu kutafuta ubeti. Haukuja. Vingine vyote vilikuja.

"Nilipasuliwa!" nikapaza sauti. "Sikuwa Nairobi. Nilikuwa na mfuko wa choo tumboni, wakaushona utumbo, sasa haunisikii. Na nilikatazwa maziwa, nikayanywa kwa kiburi!"

Halafu mama mmoja akacheka, wakacheka wote, hadi bati likatetemeka. Masikio yaliniwaka moto, na si masikio peke yake.

"Pole, mwanangu," mama yule akasema akivuta pumzi. "Sisi tuko hapa hapa. Hatutoki."

"Mgombea yuko, na mlolongo uko nyuma yake," Chepyegon akaamua. "Nahesabu."

Jairus akainama kwenye ufa wa mlango. "Omera, ndugu yangu, karatasi iko?"

Nikaangalia. Kulikuwa na msumari mtupu.

"Hakuna."

Nikasikia viatu vyake vikitoka kwenye mlolongo na kutimka kuelekea dukani, wakati huo huo sauti ya Chepyegon ikipanda: thelathini na nane, thelathini na tisa.

"Arobaini. Mzee Kiptum ameshinda kwa kura moja."

Upande wa pili wakashangilia. Upande wangu hakuna aliyeondoka. Nilichuchumaa pale, mshairi mzima, mkono tumboni.

Viatu vikarudi mbio. Karatasi ikasukumwa chini ya mlango, na nyuma yake sauti ya Jairus, akihema:

"Shika, Kipkirui. Tumeshinda?"

Nilipokea karatasi kwanza, ndipo nikamwambia.