Wino wa Mkono wa Kuume

Pale Shinyanga, enzi zile treni ya Mwanza ilipokuwa bado kitu cha kukimbilia kutazama, ukitaka kadi ya Idi au ya harusi ulikwenda nyuma ya soko, kwa Salehe na mkewe Mwamvua. Kadi za madukani zilikuwapo, zimetoka Bombay zikiwa na dhahabu ya kung'aa, lakini watu wa mjini walikuwa na msemo wao kwamba kadi ya Bombay hupelekewa mtu usiyempenda sana. Unayempenda unamgongea.

Salehe alichonga mihuri kwa mpingo. Alikuwa na mwezi na nyota, birika la kahawa, tawi la mtende, na ua la asumini ambalo kila bibi harusi alilitaka. Vikatio alivitengeneza kwa ile mikanda ya chuma inayofungia marobota ya pamba. Aliukunja mkanda mpaka ukapata umbo la mwezi mchanga au la kuba ya msikiti, akaunoa ukingo kwa tupa. Ukiuweka juu ya karatasi na kuupiga nyundo ya mti mara moja tu, karatasi ilitoka dirisha safi, halina ukucha wala unyuzi. Mwamvua alipika wino kwa masizi ya kibatari na gundi ya mgunga. Yeye alipaka, mumewe akagonga.

Salehe alikuwa mtu wa shoto. Kula alikula kwa kuume, maana mama yake alimfunga kitambaa mkono wa kushoto utoto wake wote mpaka akashika adabu. Lakini kwenye muhuri hakuna aliyemfunga, na mkono wake uliegemea ulikotaka. Ndiyo maana ua lake lilikuwa na wino mzito upande wa kushoto, na upande wa pili petali zilipauka kidogo. Mwamvua alimtania kwamba ua lake limelala ubavu. Salehe akamjibu kwamba linamwelemea yeye, kwa kuwa ndiko alikokaa.

Kisha pamba ikaanguka bei, watu wakaacha kupelekeana kadi, na habari za dhahabu ya Geita zikaingia kila nyumba. Salehe akaondoka siku chache baada ya Idi Kubwa, kwa kandarasi ya mwaka mmoja. Mwamvua alijua kusoma barua, ila kalamu ilimshinda Salehe, basi wakapatana. Salehe alichukua muhuri wa asumini na kikatio cha mwezi. Kila mwisho wa mwezi angegonga kadi moja na kumpa dereva wa lori lililopeleka mtama machimboni. Kadi isingekuwa na neno lolote. Ikifika, maana yake yu mzima.

Ya kwanza ilifika Mfungo Nne, mwezi unaofuata ule wa Idi Kubwa. Zikafuata nyingine, mwezi baada ya mwezi, mpaka zikatimia sita, zote zimelala ubavu. Mwamvua alizipanga ndani ya sanduku la bati na kuzitazama kila jioni. Sina haja ya kusema alizibusu, maana wote tunajua alizibusu.

Kadi ya Rajabu aliipokelea mlangoni na kuigeuza kwenye mwanga. Muhuri ulikuwa ule ule, hata ufa mdogo wa kwenye jani ulionekana. Lakini wino ulikuwa mzito upande wa kuume.

Akasema moyoni: ameumia kidole. Ya Shaabani ilipokuja vile vile, akasema kidole hakijapona. Ya Ramadhani akasingizia saumu, kwamba mikono ya mfungaji hulegea. Ya Mfungo Mosi hakuitafutia sababu, aliiweka sandukuni kifudifudi, na ya Mfungo Pili akailaza juu yake. Usimcheke. Mtu anaweza kukitazama kitu kwa macho yote mawili na bado akakataa kukiona, hasa kitu chenyewe kikiwa ndicho kitakachomuua.

Na maisha aliendelea nayo, tena kwa makusudi, kama mtu anayemthibitishia jirani kwamba hana wasiwasi. Idi Ndogo alijifukiza udi. Mwezi ule wa Mfungo Mosi akamsindikiza binti wa shoga yake Mwaisha kwa mume, akapaka hina mikono na miguu, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Watu walisema mke wa Salehe kapendeza. Alipendeza kweli.

Zikiwa zimebaki siku nne kufika Idi Kubwa, Mwamvua alikuwa peke yake kibarazani akikata kadi, akasikia hodi. Alisimama mtu mrefu wa makamo, amejitanda shuka, ana fimbo na kifurushi cha turubai.

"Salaam, shemeji," alisema. "Mimi naitwa Maduhu. Kwetu Kharumwa. Nilikuwa chumba kimoja na Salehe kambini."

Mwamvua alimkaribisha. Akampa kigoda na maji. Hakuuliza habari za mumewe, na Maduhu aliona kwamba hakuuliza. Maji yakabaki kwenye kata. Kifurushi kilikuwa chini, na mdomoni mwake kilichomoza kishikio cha mpingo.

Mwamvua akauchomoa muhuri. Akaupaka wino taratibu, akaweka kadi tupu juu ya gogo mbele ya mgeni.

"Nigongee," alisema.

"Shemeji, nimekuja na neno."

"Nigongee kwanza."

Maduhu akafuta kiganja cha kuume kwenye shuka, akaushika muhuri na kuuegemea kwa uzito wake wote, kama mtu anayezuia ndama. Alipouinua, Mwamvua alikwenda ndani akaja na kadi ya Shaabani, akaiweka kando ya ile iliyokuwa bado mbichi. Hazikupishana hata kwa doa.

"Lini?" aliuliza.

Maduhu akatoka kwenye kigoda, akaketi chini, udongoni. "Tarehe tatu ya mwezi wenu wa Rajabu. Waislamu wenzake waliomzika waliniambia niishike tarehe hiyo nisiipoteze. Kilikuwa kichomi, mayu, mama yangu. Kilimlaza siku nne."

"Nawe ukaniletea maua."

"Kwetu kifo hakitumwi," Maduhu alisema. "Hakipewi dereva, wala hakitiwi kwenye karatasi. Anakileta mtu aliyekiona, kwa miguu yake mwenyewe, anakaa chini anasema. Ukikituma, umemtupa marehemu. Nami nilikuwa nimetia dole gumba kwenye kandarasi, wasingenitoa mpaka mwezi huu. Nimetembea tangu Jumatatu."

"Sikukuuliza habari ya miguu. Nimekuuliza kadi."

Maduhu akainama. "Siku ya tatu alinishika mkono. Akaniambia, mwezi usipite bila kadi, mke wangu atahangaika. Akanionyesha namna ya kugonga. Hakuniambia mpaka lini."

Mwamvua hakupiga ukelele. Alitazama mikono yake, akaona hina ya harusi bado imebaki kwenye kucha, nyekundu, imeanza kusukumwa nchani na kucha inayoota. Alimchukia yule mtu aliyeketi mavumbini, na chuki yenyewe ilimuuma, maana aliona wazi kwamba ni mtu mwema na kwamba Salehe alikuwa na bahati kufia mikononi mwake.

Habari mjini haina mlango. Kabla ya adhuhuri ya kesho yake Mwaisha na wanawake wa mtaa walikuwa wamekwisha ingia, wametandika mikeka, wamegeuza kioo kikatazama ukuta, wamemletea Mwamvua shuka jeupe. Mwamvua akavua bangili, akanawa wanja. Kitu kimoja tu kilimshikilia asianguke: sasa atakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato, bila rangi, bila kutoka, kila siku ikiwa ya Salehe na si ya mtu mwingine. Huo ulikuwa wajibu wake wa mwisho kwa mume, na aliutamani kama mwenye kiu. Akamwita Maalim Sabiti aje amwelekeze namna ya kuanza.

Maalim alikuwa mzee mpole, asiyependa kumhuzunisha mtu. Alikaa nje ya pazia, akauliza siku ya kifo. Maduhu akamwambia. Maalim akashika tasbihi akahesabu: Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfungo Mosi, siku kumi. Akahesabu tena, kwa matumaini ya kukosea.

"Binti yangu," alisema, "eda huanza siku mume anapofariki, si siku mke anapopata habari. Yako ilikwisha Mfungo Pili. Huna eda."

Mwamvua alijibu nyuma ya pazia. "Maalim, mimi sijakaa."

"Umekwisha kaa, bila kujua. Mungu hamhesabii mtu asilolijua, huna dhambi hata chembe. Ijumaa tutamsomea hitima. Na kulia hujakatazwa, mwanangu." Akasita, kisha akasema lile ambalo ilimpasa kulisema, kwa kuwa ndiyo sheria. "Na akitokea mtu mwema, hata leo, hapana kizuizi."

Hata leo. Mwamvua alikumbuka udi wa Idi Ndogo. Akakumbuka vigelegele. Eda ya Salehe alikuwa ameikaa akicheza, amejipaka wanja, amesifiwa na mji mzima, na sasa hapakuwa na namna ya kuirudisha, maana siku hazirudishwi. Alikuwa mjane kwa miezi mitano, na hakumfanyia Salehe ujane hata siku moja.

Mwaisha akamshika bega. "Mshukuru Mungu, shoga yangu. Umepunguziwa." Alisema kwa mapenzi kabisa. Walikaa naye mpaka alasiri, wakampa pole, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Idi ilikuwa karibu, kila mtu ana watoto wa kuvisha. Mikeka ikakunjwa. Mmoja wao, aliyezoea unadhifu, akageuza kioo kikatazama chumba kama zamani.

Maduhu alikuwa bado nje, amekaa chini penye kivuli cha paa. Mwamvua akatoka na shuka lake jeupe, akasimama mlangoni. Aliona kwamba nywele za yule mtu zilikuwa fupi, zote urefu mmoja.

"Ulinyoa," alisema.

"Siku tuliyomzika. Kisha nikanyoa tena."

"Ulimlilia?"

"Nilimlilia sana, mayu. Mpaka wenzangu wakaniambia nimwache apumzike."

Mwamvua akatikisa kichwa taratibu. Sauti haikumpanda. "Basi nenda kwenu, Maduhu. Ulifanya aliyokuagiza, na Maalim kahesabu sawasawa, na Mwaisha ana haki kwenda kupika. Nyote mmekwisha maliza. Mimi nimefiwa jana."

Akaingia ndani, akakigeuza kioo kikatazama ukuta, na kwa kuwa hapakuwa na mkeka, akaketi sakafuni. Alikaa eda yake, na mji ukamsema, kwa miezi minne na siku kumi.