Shida Haiingii Hotelini

Usiku wa jana niliota tuko likizo, na likizo yenyewe ilikuwa haijaanza. Mabegi matatu yalikuwa yamesimama sebuleni, langu, la mume wangu Mihambo na la binti yetu Nyamizi, yakisubiri kupambazuke tutoke Morogoro kwenda kwenye hoteli moja ya ufukweni, siku nne za katikati ya vuli. Begi la nne halikuwepo. Hilo lingekuwa la mama mkwe wangu, naye tulishakubaliana abaki alinde nyumba. Nasema tulikubaliana, lakini ukweli usemwe. Mimi nilipendekeza, Mihambo akanyamaza, na Mama akasema, "Sawa, wanangu."

Si kwamba simpendi. Ila mama yule akiwa nyumbani, sufuria zangu zinahama kabati, usingizi wangu unapimwa kwa saa ya ukutani, na kila Jumapili ananiuliza mtoto wa pili amekwama wapi, kana kwamba anakuja kwa treni. Nilitaka siku nne za kupumua. Basi nikalala na moyo mweupe, au niliodhani ni mweupe.

Kwenye ndoto natoka jikoni kwenda stoo kuchukua vitunguu. Nafungua mlango wa stoo, na stoo ni mapokezi ya hoteli. Bahari inaonekana nyuma ya gunia la mkaa. Mihambo na Nyamizi wameshapanga foleni, na nyuma yao amesimama Mama, kajifunga kanga zake za kutokea, kifurushi mkononi. Sikushangaa kumwona. Nilichoshangaa ni kwamba mkaa haukuwa umelowa.

Mpokea wageni alikuwa taulo jeupe lililokunjwa umbo la bata, vile wanavyokunja hotelini na kuweka kitandani ili mgeni ajione mtu.

"Karibuni sana," alisema Taulo. "Masharti mnayajua?"

Nyuma yake palikuwa na kibao: JIACHIE. KULA RAHA. PUNGA UPEPO. SHIDA ZOTE ZIACHWE MAPOKEZI.

"Ni yale yale ya kila hoteli," alisema Mihambo.

"Hapa yanafuatwa," alisema Taulo, akachukua kalamu kwa mdomo. "Majina."

"Mihambo."

"Atupele," nikasema mimi.

"Nyamizi. Nina miaka tisa na nusu."

"Shida," alisema Mama.

Kalamu ikaanguka. Taulo aligeuza shingo, akasoma kibao kuanzia juu hadi chini, kisha akarudi kwetu kwa heshima zote. "Samahani, Mama. Shida haiingii hotelini."

"Ndilo jina langu," alisema Mama, wala hakukasirika. "Nilizaliwa mwaka wa njaa, kule Urambo. Baba yangu akaniita Shida ili shida nyingine zikipita zisikie kwamba nafasi imeshajaa."

"Maelezo mazuri sana," alisema Taulo. "Yatakaa vizuri kwenye rafu."

Rafu ilikuwa ndefu, imejaa shida za wageni wengine. Palikuwa na paa linalovuja, pikipiki iliyogoma kuwaka, na shemeji wa mtu mmoja wa Iringa, pamoja na godoro lake. Mama akainuliwa, akawekwa kati ya pikipiki na shemeji. Aliweka kanga yake sawa, akamgeukia jirani yake. "Hujambo, baba?" Shemeji akaitikia kwamba hajambo, ila ametimiza mwezi wa tatu pale.

Mihambo alifungua mdomo apinge. Lakini sharti la kwanza lilikuwa limeshamkamata, akajiachia. Mikono ilimwachia, mabega yakamwachia, nyayo zikaiachia sakafu, na baba mwenye nyumba akaanza kupaa polepole, anatabasamu. Ilibidi Nyamizi amfunge mkanda kwenye mguu wa kiti asije akapotelea mawinguni.

Na mimi? Sina cha kuficha. Nilimtazama Mama pale kwenye rafu, na moyo wangu ukafurahi.

Basi tuko ufukweni. Mchanga umetandikwa kama shuka, pindo zimechomekwa chini. Nyamizi anapunga upepo. Ananyoosha mkono na kupunga, na upepo, mtu mzima mwenye sauti nzito, anasimama kumjibu.

"Shikamoo, Upepo."

"Marahaba. Punga tu, mjukuu wangu, usione haya."

Mimi nimekaa chini ya mwavuli mkubwa wa mistari, na mwavuli ananisalimia.

"Karibu. Naitwa Mwavuli. Baba yangu ni Vuli, yule wa mvua za mwezi huu. Na mdogo wangu anaitwa Kivuli, huyo uliyemkalia."

Nikasogea haraka. "Samahani, Kivuli."

"Nimezoea," alisema Kivuli kutoka chini.

"Baba anakuja leo," Mwavuli aliendelea. "Anakuja kufagia rafu. Shida zote zilizoachwa anazisomba mpaka baharini, hazionekani tena. Ndiyo maana wageni wetu wakirudi makwao wanasifiwa kuwa wamependeza."

"Na mtu akitaka kuchukua shida yake?"

Mwavuli alifikiri mpaka mistari yake ikajikunja. "Hajatokea," alisema.

Nikageuka kutazama kule mapokezi. Lakini chakula kilikuwa kimefika. Mhudumu alikuwa kandambili, ile ya mguu wa kushoto, ana sinia kichwani. "Raha mbili za watu wazima, raha moja ya mtoto," alitangaza. Raha yenyewe ilikuwa nyeupe, imekatwa vipande kama mkate wa kumimina. Nilikula. Ilikuwa tamu, nisiseme uongo. Ilikuwa tamu mpaka meno yakasogeleana.

"Naomba kijiko," nikamwambia Kandambili.

"Hakuna shida!"

Nikatupa jicho kule mapokezi, ambapo sasa palikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye meza yetu. Mama alikuwa bado amekaa kwenye rafu, lakini miguu yake haikuwepo.

"Na maji ya kunywa," nikasema.

"Hakuna shida!"

Mama akaishia kiunoni. Alikuwa akimwonyesha shemeji namna ya kukunja godoro, wala hakuonekana kusumbuka.

Nyamizi alisukuma sahani yake. "Mama, kila wakisema vile, Bibi anapungua."

"Nimeona."

"Waambie wasiseme."

Nikamwita Kandambili, nikamwambia kwa upole, mtu na mtu, "Kaka, nakuomba sana, yale maneno yako usiyaseme tena."

"Hakuna shida!" alisema Kandambili, na Mama akaishia kifuani.

Mwavuli aliinama, akaninong'oneza. "Dada, wewe si ulifunga ndoa?"

"Nilifunga. Mwaka wa kumi na mmoja huu."

"Ulisema nini pale mbele ya watu?"

"Nilisema nitakuwa naye katika shida na raha."

"Raha hii hapa, umeshaimaliza nusu sahani," alisema Mwavuli. "Ile nyingine umeiweka wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Vuli alikuwa amefika. Alitokea nyuma ya mapokezi, mzee mnene wa rangi ya wingu, kavaa buti za mpira na kubeba ufagio wa chelewa. Alikuwa ananguruma kooni kama mtu anayetafuta namna ya kuanza hotuba. Alianzia mwisho wa rafu. Akafagia mara moja, paa linalovuja likaenda. Akafagia tena, pikipiki ikaenda, na ajabu ni kwamba ilipofika majini iliwaka.

Wakati huohuo Mihambo aliita kutoka juu, kwa sauti ya mtu aliyelala nusu. "Mama Nyamizi! Mama yangu simwoni. Vipi huko, yuko salama?"

Niwaambie jambo. Kwa miaka kumi na mmoja mume wangu akiniuliza habari za mama yake, iwe ameumwa, iwe amenuna, iwe amelia peke yake jikoni, jibu langu limekuwa moja. Linatoka lenyewe, kama kupiga chafya. Nalo lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Haku..."

Shingo ya Mama ikatoweka. Kwenye rafu kilibaki kichwa na mkono mmoja wa kulia, umeshika kifurushi. Akanitazama. Hakuwa na lawama hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Malizia tu, mwanangu," alisema. "Usijitwishe mzigo. Mimi nimezoea kubaki."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho. Ilianzia kisiginoni ikapanda mpaka utosini. Nilimkumbuka akisema "Sawa, wanangu" pale sebuleni, na jinsi alivyogeuka haraka kwenda kupanga sufuria zisizohitaji kupangwa. Nikasimama. Meza ikapinduka, raha ikamwagika mchangani, na nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Kuna shida!"

Wimbi lililokuwa linakuja lilisimama katikati, likawa halijui lirudi au liendelee. Kandambili alizimia, soli juu. Taulo alijikunjua kwa mshtuko, akawa taulo la kawaida lenye doa.

"Dada, hilo neno hapa hatulisemi," alisema Taulo akiwa chini.

"Kuna shida!" nilisema tena, na shingo ya Mama ikarudi. "Nina shida!" Kifua kikarudi. "Shida hii ni yangu, nimeolewa nayo, na ninaitaka!" Kiuno kikarudi, na kanga juu yake.

Vuli aliegemea ufagio wake, matone yakimdondoka ndevuni. "Unaitaka kweli? Tukishaitoa kwenye rafu haturudishi."

"Naitaka."

"Itahamisha sufuria."

"Ihamishe."

"Itakuuliza habari za mtoto wa pili."

Hapo nilisita kidogo, mimi pia ni binadamu. "Iulize," nikasema.

"Basi vuta mwenyewe," alisema Vuli. "Mimi nina kazi." Na akainua ufagio.

Nikamkamata Mama kifundo cha mkono wa kulia na kuvuta. Hakutoka. Miguu yake, iliyorudi wakati huohuo, ilikuwa imenasa kwenye godoro la shemeji. Maji ya Vuli yameanza kupita juu ya rafu, yanafika magotini mwake. Nyamizi ananishika kiuno, anavuta. Mihambo amezinduka huko juu, anapiga mateke hewani kama anayeogelea, na kwa mara ya kwanza kupaa kwake kunatufaa, maana Nyamizi ameufungua mkanda kwenye kiti na kujifunga kiunoni, nao unatuvuta sote. Shemeji wa Iringa naye anasukuma kwa nyuma. "Nenda, mama," anasema, "mwenzangu umepata mtu."

"Niachie, mwanangu, utaumia," alisema Mama.

"Sijiachii na sikuachii," nikasema. Nikakaza vidole, nikavuta mpaka macho yakaona nyota, nikahisi kitu kinang'oka.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Jogoo wa jirani alikuwa anamalizia zamu yake, na Mihambo alikuwa amelala chali pembeni yangu, mzito kabisa, hana dalili ya kupaa. Nilitoka chumbani bila kuvaa hata ndala. Mama alikuwa ameshaamka, amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha la sebuleni, anajipaka mafuta mkononi taratibu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

"Mama, tunaondoka wote. Niambie nguo zipi, nikufungie begi."

Midomo yake ilicheza kidogo, kama mtoto aliyeitwa jina asilolitarajia. "Na nyumba itabaki na nani?"

"Nyumba haina miguu. Tutaikuta."

Macho yake yalijaa maji, yangu pia, na sote wawili tukasingizia moshi, ingawa hakuna aliyekuwa amewasha moto. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kutikisika mabega bila sauti.

"Mimi nilijua tu kuna safari," alisema. "Usiku kucha kuna mtu alikuwa ananivuta mkono. Ananivuta, ananivuta, wala hachoki. Huyo mtu, popote alipo, Mungu ambariki."

Akaugeuza mkono wa kulia kwenye mwanga wa dirisha. Kifundoni palikuwa na alama nne ndogo nyekundu, zimepinda, zimepangana vizuri. Nikaficha mikono yangu nyuma ya mgongo.

"Ila," alisema Mama, "akate kucha."