Ratili Tisini na Nane

Ukitaka kutukanwa hapa Chumbageni, mtaje Kapteni Ernesti kwa wema. Miaka imepita, kichwa changu chote kimekuwa pamba, lakini watu hawajasahau. Ndege iliyoanguka kwenye mkonge njia ya Pongwe, mwaka wa hamsini na sita, aliiendesha yeye, na serikali yenyewe ikaandika: injini iliharibika, rubani akakosea. Basi, limekwisha. Na mimi Uweso, niliyekuwa karani wa mizani pale uwanja wa ndege, naishi na watu hao hao, nasali nao safu moja, na mpaka leo wananipa pole kwa sababu binti yangu alikuwa ndani. Wallahi pole zao zinaniunguza.

Kazi yangu kuisema ni rahisi. Ndege zile ndogo za injini mbili hazibebi kila unachotaka. Kila abiria apande mizani, na mzigo wake upande mizani, mimi naandika ratili, najumlisha, namkabidhi rubani karatasi. Ikizidi elfu moja na mia mbili, kishuke kitu au ashuke mtu. Mizani yenyewe ilitoka ghala la mbata, ubao mpana chini, mkono wa chuma juu, inanuka nazi iliyokauka. Sasa niambie wewe, mtu wa pwani: mke wa watu, kajisitiri na buibui lake, apande mizani ya mbata mbele ya wanaume, nami nimsomee uzito wake kwa sauti? Thubutu! Hao walioleta kampuni walileta sheria, hawakuleta pazia.

Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Mwanamke wa heshima hapimwi. Anataja mwenyewe au mumewe anamtajia, mimi naandika. Na sijaona mwanamke aliyejiongezea. Akisema mia, mimi moyoni natia mia na arubaini, na nikiona jumla imekaribia ukingoni, nawaambia kwa adabu waache kikapu kimoja, kitafuata kwa boti. Miaka mitatu tulikwenda hivyo. Nikajiona hodari, nikasahau kwamba la kuzoea nalo lina siku yake.

Siku ile abiria walikuwa saba, nyumba moja. Sleyum bin Harub, mwenye minazi Pangani na duka hapa mjini, alikuwa anakwenda Unguja kumwoza mdogo wake. Kamchukua mama yake Bi Shamsiya, mkewe, na dada zake watatu. Wa saba alikuwa Asmahani, mwanangu. Mtoto yule alikuwa na mkono wa hina ambao Tanga hii haujarudi tena; bibi arusi asipochorwa na Asmahani, watu walikuwa wanauliza kuna nini. Bi Shamsiya akasema kwa kinywa chake, "Mkwe wangu hataguswa na mkono mwingine." Mwanangu alikuwa na miaka kumi na tisa, hajapanda hata gari moshi. Wiki nzima nyumbani mdomo wake haulali. Mama yake, Mboni, akawa anamtania, "We, ndege bado iko Nairobi, wewe umesharuka!"

Wakaja asubuhi na mapema, upepo wa umande unavuma kutoka bara. Loo, ungewaona! Walikwisha kusikia kwamba mizigo inapimwa, basi walichopunguza kwenye masanduku wamejivika mwilini. Kanga doti nne nne zimezungushwa kiunoni, mikufu, vikuku vya fedha mpaka kwenye viwiko. Bi Shamsiya, Mungu amrehemu, kila akipiga hatua nasikia kitu kinagonga chini ya buibui. Alikuwa amejifunga tumboni sinia la shaba la kumtunza bibi arusi. Anatembea kama aliyemeza mlango. Nikacheka. Leo najiuliza nilicheka nini.

"Haya, Bwana Sleyum, karibu kwenye mizani," nikasema.

"Mimi si gunia la mbata, Uweso. Andika mia na hamsini." Mtu mwenyewe mashavu yake tu ratili ishirini.

Mama yake naye: "Niandikie mia na thelathini, mwanangu. Na mkaza mwanangu mia na ishirini, wala usimwangalie sana, ana mimba. Tumbo halipimwi mbele za watu, husda ina macho." Wale dada watatu wakasema mia na kumi kila mmoja, kama wauza samaki waliokubaliana bei.

Asmahani akavua makubadhi. "Mimi nipime kweli, baba! Nataka nijue!" Akarukia ubaoni kabla sijamjibu, buibui kalishika kwa mkono, anacheka. Nikasogeza jiwe, nikasogeza tena. Tisini na nane. "Mungu wangu, hata gunia la mbata linanishinda!" akasema, na wale wanawake wote wakaangua kicheko. Nikamwambia ashuke aache upuuzi. Ndilo neno la ukali la mwisho nililomwambia, na sikuwa hata na hasira.

Mizigo tukaipima kweli, ratili mia tatu sitini na nne. Nikajumlisha: elfu moja mia moja tisini na mbili. Pungufu ya nane tu. Nikashika kalamu, na hapa nataka unisikilize vizuri. Sikukisia. Nilijua. Yale mashavu, lile sinia, zile kanga, zile fedha, nilijua tumezidi ratili mia mbili na ushei. Kwa desturi yangu nilipaswa kusema kishuke kitu. Lakini hapakuwa na kikapu cha ratili mia mbili. Wa kushuka ni mtu, na mtu gani? Si Sleyum aliyelipia ndege nzima. Si mama yake, si mjamzito, si dada wa bwana arusi. Wa kushuka ni yule aliyechukuliwa kwa kazi. Nikamtazama. Alikuwa amesimama mlangoni, kashika mfuko wake wa hina na ndimu, anaitazama ile ndege kama mtoto anayetazama sahani ya mwenzake. Nitamwambiaje rudi nyumbani? Nikaiacha jumla ilivyo.

Kapteni Ernesti akaja kuchukua karatasi. Alikuwa Mzungu wa kuzaliwa Muheza, kwenye shamba la mkonge la baba yake, ukifumba macho Kiswahili chake hukitofautishi na cha kwetu. Akasoma, akakuna ndevu.

"Uweso, mizani vipi leo?"

"Sawa, Kapteni."

"Sawa kweli? Naona wamefura."

"Ni mabuibui tu, Kapteni. Nyepesi."

Akatia sahihi, karatasi kaiweka juu ya paja lake. Aliniamini kwa sababu miaka mitatu sikuwahi kumdanganya.

Ndege ikakimbia, ikakimbia, uwanja unakwisha na magurudumu bado yako chini. Ikajiinua kwa shida, ikapita juu ya mkonge kuelekea Pongwe. Haji wa pampu ya mafuta alikuwa kando yangu, akasema, "Leo ina uvivu." Hajamaliza, injini ya kushoto ikakohoa, mara moja, mara ya pili, moshi mweusi, ile feni yake ya mbele ikasimama kabisa. Mbele yake kulikuwa na mkonge mtupu, tambarare. Angeshuka palepale, ndege ingevunjika miguu, watu wangetoka na michubuko. Hakushuka. Akageuza arudi kwetu, tena akageuzia kushoto, upande wa injini iliyokufa. Bawa likainama. Likazidi kuinama, wala halikuinuka tena. Nikapiga kelele, "Nzito! Nzito!" Haji alidhani nalia kama watu wanavyolia.

Tulifika mbio. Sitakuhadithia tulichokuta. Mwanangu nilimjua kwa mikono, kwa sababu jana yake alijaribia hina kwenye vidole vyake mwenyewe. Mama yake akamwosha pamoja na shangazi zake, akatoka pale hana sauti, na kwa siku saba za matanga hakutamka ila jina moja.

Siku ya nane wakanishika Wazungu wawili waliotoka Nairobi kuchunguza. Wakaiweka karatasi mbele yangu.

"Hii ni hati yako?"

"Yangu."

"Uliwapima wote?"

"Wote."

Wakaandika. Nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ambamo mke wangu ananyweshwa maji kwa kijiko. Ningewaambia nini, halafu nirudi nikamwambie yeye nini?

Kesho yake adhuhuri, Bibiana, mke wa Kapteni, akanifuata ofisini. Gauni jeusi, macho yamevimba. Naye ni wa kuzaliwa huku, Korogwe, akaniamkia kama binti wa watu.

"Shikamoo, Bwana Uweso."

"Marahaba, mama. Pole."

"Pole na wewe. Najua umezika." Akakaa. "Wanasema Ernesti kawaua. Nimewaomba wachunguzi karatasi zake zote, wakanipa nizisome. Niambie jambo moja. Alikuwa akiniambia kila siku: Bibiana, injini moja ikifa na mimi ni mwepesi, nageuka narudi. Nikiwa mzito, nashuka mbele yangu, hata iwe juu ya banda la kuku. Aligeuka, Bwana Uweso. Basi alijua ni mwepesi. Nani alimwambia?"

Nikamwonyesha kwa kidole ile karatasi yangu ya mizani, aliyokuwa ameishika.

Akaifungua juu ya meza, akasoma polepole. "Mia na hamsini. Mia na thelathini. Mia na ishirini. Mia na kumi, mia na kumi, mia na kumi." Akainua uso. "Watu sita, na wote wameangukia kwenye makumi? Hata mmoja hakuzidi ratili mbili, tatu?" Kidole chake kikateremka mpaka mstari wa mwisho. "Tisini na nane. Huyu alipanda mizani."

"Ndiyo."

"Ni nani?"

"Mwanangu."

Akafunika mdomo kwa mkono. Mizani ya mbata imesimama pale katikati yetu. Nilidhani atanirukia. Nilitamani anirukie. Badala yake akalia, na aliyekuwa akimlilia ni mimi, masikini, nilimwona.

"Nina binti mdogo," akasema baadaye. "Wenzake wanamwita mtoto wa muuaji. Wale wachunguzi wanaondoka kesho kwa gari moshi, na ripoti wamekwisha kuiandika. Nenda ukawaambie desturi yenu ilivyo. Sikuombi umtoe kosani. Alikosea kugeuka, alikosea zaidi kugeukia upande ule, kosa lake alibebe. Ila asibebeshwe na lako."

Alikuwa amenena haki tupu. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka. Kisha nikamwona Mboni na kile kijiko. Nikaona watu wa Sleyum wakija barazani kwangu kuniuliza habari za maiti zao sita, na yule wa saba tumboni. Nikaona mke wangu akijua kwamba mwanawe nilimpandisha mimi, kwa mikono yangu, kwenye ndege niliyojua kwamba imezidi.

"Niliwapima wote, mama," nikasema.

Akaikunja karatasi mara mbili, akaiacha juu ya meza, akasimama. "Mungu akupe subira," akasema, na hakuwa ananibeza. Laiti angenilaani.

Kesho yake nilikwenda stesheni. Kweli nilikwenda, usifikiri mimi ni jiwe. Nikasimama jukwaani tangu asubuhi, maneno nimeyapanga. Wale Wazungu wakaja, mmoja akanikumbuka, akanipa mkono, akasema pole kwa msiba. Akageuka kutafuta mpagazi. Nikamchukulia sanduku lake, nikalipandisha kwenye behewa. Nikashuka. Gari moshi likapiga honi, likaenda zake na yale maneno bado yamo kifuani.

Bibiana na mtoto wake hawakumaliza mwaka. Waliondoka, sijui wako nchi gani, wala huyo mtoto sijui anaitwaje siku hizi. Kaburi la Ernesti liko kule kwenye makaburi ya Wazungu, na watu walilipiga mawe mpaka msalaba ukaanguka. Mimi sikurusha hata jiwe moja. Pia sikumzuia mtu.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nakingoja kifo changu kije kiniumbue, nacho hakiji, kimeniacha nikae barazani na Mboni, wazee wawili, hatuna mtoto mwingine. Karatasi ninayo, iko ndani ya msahafu. Mboni hajui kusoma nambari.

Na kila ndege ikipita juu ya Chumbageni, Mboni huacha anachofanya. Akiwa anapepeta mchele, huuweka ungo chini. Huinua mikono yake miwili, viganja juu, na kusema kwa ile sauti iliyomrudia nusu, "Ya Rabi, yule aliyemuua mwanangu asipate raha, duniani wala kaburini." Halafu hunigeukia, kwa sababu dua ya mtu mmoja haimtoshi.

"Itikia, baba Asmahani."

Nami nainua mikono, nasema amin.