Siku Ukoo wa Kabwe Ulipoota Ndevu

Dorine alikuwa fundi wa tovuti, na kwa majuma kadhaa nyumba yao ya Ruashi haikuwa na habari nyingine ila tovuti yake. Mdogo wake Léa alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kasumbalesa, na wakwe walikuwa wanakuja Jumapili baada ya misa ili waifahamu familia. Tonton Anaclet, kaka wa marehemu baba yao na mkubwa wa ukoo, hakutaka kuwakaribisha kwa maneno matupu. Alitaka picha za ukoo mzima zionekane ukutani kwa projekta, kuanzia babu Kabwe, aliyetoka kaskazini akaja kuendesha treni za Sakania, mpaka yeye mwenyewe Anaclet na kofia yake.

Dorine akaijenga tovuti hiyo kwenye kompyuta yake ya Windows, na kila kitu kikaenda kama maji mtelemkoni. Kabla picha za ukoo hazijakusanywa, alihitaji picha yoyote ya kushika nafasi. Akatoka nje akampiga picha mbuzi wa jirani aliyekuwa anatafuna kamba ya kuanikia nguo, kisha akaiagiza programu: picha ya mtu ikikosekana, weka hii. Baadaye picha zote zilipatikana na mbuzi akasahauliwa. Asubuhi ya Jumapili Dorine aliipandisha tovuti kwenye seva ya kukodi, akavaa kitenge kipya, akaenda misani bila kuangalia mara ya pili.

Wakwe walifika wakiongozwa na Mama Chilufya, mama wa bwana arusi, mwanamke mpana mwenye adabu nyingi. Wakaketi kwenye viti vya plastiki sebuleni, mapazia yakafungwa, na Tonton Anaclet akasimama.

"Bakwe betu, muone muzizi yetu. Huyu njo Kabwe!"

Dorine akabonyeza. Ukutani akatokea mbuzi. Chini yake paliandikwa: Kabwe, dereva wa treni, mwanzo wa familia.

Wakwe wakasogeza viti mbele.

"Iko na ndevu muzuri," Mama Chilufya akasema taratibu.

Dorine akakimbilia picha iliyofuata, ya bibi yao. Mbuzi yuleyule. Akabonyeza tena: Tonton Anaclet, mkubwa wa ukoo. Mbuzi, na kamba bado iko mdomoni.

"Mumefanana sana," Mama Chilufya akasema. "Kweli muko damu moja."

Léa alijifunika uso kwa kitenge. Mabega yake yalitikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Dorine," Tonton Anaclet akanguruma kwa sauti ya chini, "juu ya nini niko nakula kamba?"

"Dakika kiloko, tonton. Machine iko na shida."

Akaibeba kompyuta mpaka nyuma ya nyumba, akampigia simu Stéphane, mwenzake wa kazini.

"Kwangu ilikuwa inatembea muzuri!"

"Kwako iko Windows," Stéphane akajibu. "Serveur iko Linux. Njia ya picha uliiandika aje?"

Dorine akamsomea: picha\kabwe.jpg.

"Antislash!" Stéphane akacheka mpaka simu ikakoroma. "Dada, kule ile kintu haiko mulango. Iko sehemu ya jina."

Hapo Dorine akaelewa. Windows hutenganisha kabrasha na faili kwa kistari kinacholalia nyuma, yaani \, lakini seva ile inajua kile kinacholalia mbele tu, yaani /. Badala ya kuingia katika kabrasha la picha na kumtafuta Kabwe humo, ilisimama nje ikitafuta faili moja lenye jina refu ajabu, kama mgeni anayezunguka mtaani akimuulizia Bwana Ruashi-Nyumba-ya-Bluu. Haikumpata, ikamleta mbuzi. Na ubaya wenyewe ni kwamba Windows ingeikubali ile / bila ugomvi wowote. Dorine alijitakia.

Kwa haraka ya mtu aliyeacha wakwe gizani, aliiambia kompyuta igeuze kila \ iliyomo katika programu nzima iwe /. Akapandisha upya, akarudi ndani mbio, akabonyeza.

Babu Kabwe akatokea, mwanamume mrefu kando ya injini ya treni. Vigelegele vikapigwa. Tonton Anaclet akavua kofia.

Kisha Mama Chilufya akasogea kusoma. "Kabwe-slash-n-dereva. Anaclet-slash-n-mukubwa. Iyi slash-n iko nini?"

Dorine aliona kosa lake. Si kila \ ilikuwa ya njia ya faili. Katika programu, \n ni namna ya kusema nenda mstari mpya, na sasa hata hiyo ilikuwa imegeuzwa kuwa /n, ikaonekana wazi ukutani. Alifungua mdomo aeleze, lakini Tonton Anaclet alimtangulia.

"Njo titre, cheo," akasema akiinua kidevu. "Ya bantu bakubwa ba reli, ba chemin de fer. Tulipewa zamani."

"Bote?"

"Bote."

"Hata huyu mutoto?" Ukutani alikuwa Léa wa miaka miwili, bila viatu, akilia.

"Iko urithi."

Wakwe wakanong'onezana. Mama Chilufya akageuka na uso wa heshima. "Basi mutoto wetu akioa Léa, na yeye atapata slash-n?"

Tonton akaangalia dari. "Tutaona na comité."

Wakati huo Dorine alikuwa ameinama juu ya kompyuta, hasikii tena. Alirudisha kila \n mahali pake, akafuta vistari vyote alivyoviandika kwa mkono kwenye njia za picha, na kuiachia programu yenyewe iunganishe majina kwa kistari kinachofaa pale ilipo. Ikakubali. Kwa furaha akaifungua tovuti upya mbele ya wote.

Vyeo vikatoweka.

"Aba! Nani amebanyanganya titre?" Mama Chilufya akashika kifua.

Macho yote yakamgeukia Dorine. Yeye akamtazama tonton, na tonton akatazama viatu vyake.

"Mama, haikuwa titre," Dorine akasema. "Ilikuwa makosa yangu. Na ile mbuzi iko yangu pia. Hapana, iko ya jirani."

"Mi nilisema titre juu ya kusikia haya," Tonton Anaclet akaongeza, huku anaikunja kofia mikononi.

Kicheko kikamtoka Mama Chilufya tumboni, kiti cha plastiki kikalia chini yake, na wakwe wote wakamfuata.

"Njiani nilikuwa na woga," akasema akijifuta machozi. "Bantu baliniambia muko familia ya sérieux sana, haicheki. Na mutoto wangu anacheka hata ku misa! Sasa roho yangu imetulia."

Bukari, yaani ugali, na samaki vikaletwa. Tonton Anaclet akawaeleza wageni habari za treni, nyingi zikiwa za kweli. Kila Dorine alipotaka kukaa, mtu alimwita amrudishie picha fulani. Alipopata sahani yake hatimaye, samaki walikuwa wamekwisha na bukari imepoa. Akaila hivyohivyo na mchuzi, amesimama mlangoni, huku Léa akimmiminia maji.